Bro ana baipola, dawa anameza lakini hasira bado. Ni ugonjwa ama ni tabia?

NyarKondele: Wadau habari zenu. Bro yangu yuko na baipola, ile ugonjwa ya akili ya hisia kupanda sana na kushuka sana, anameza litiamu na ile maneno ya kukesha wiki mzima akipanga biashara za mamilioni iliisha. Shida sasa ni vitu vidogo. Jana mathe amemuuliza tu chenji ya sukari, jamaa akapiga jiko teke, omena yote chini, kidogo hivi ako nyuma ya nyumba analia eti afadhali afe. Mjomba anasema tumemdekeza, achapwe. Dawa imekataa ama?

JamaaWaStage: Mjomba naye achapwe kwanza tuone kama atatulia 😂

nesi_wa_Kakamega: Dawa haijakataa. Litiamu inazuia ile kupanda na kushuka ya wiki nzima nzima, lakini hii ya hisia kuwaka ghafla na kukawia kushuka ni shida ingine, iko kwa baipola, iko kwa dipresheni, hata skizofrenia. Na mkimwambia "jikaze" ndio mnaharibu kabisa, mtu akificha hasira usoni moyo huko ndani bado unadunda tu. Kuna tiba inaitwa DBT, ya Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, aliianzishia watu wa kujidhuru (na 2011 akasema wazi hata yeye alilazwa hospitali ya akili akiwa msichana). Inafundisha vitu vya kufanya, mfano akisikia inapanda aingize uso kwa karai ya maji baridi, ashike pumzi kama sekunde 30, mapigo ya moyo yanapungua. Kama ako na shida ya moyo asijaribu. Hiyo ya kufa msichukulie poa, mumuulize wazi wazi, daktari aambiwe leo, na dawa ya kupulizia mboga itoke kwa hiyo boma.

NyarKondele: Asante sana sista. Na anaweza endelea na diklofenaki? Boda imemmaliza mgongo.

nesi_wa_Kakamega: Weeh! Hizo za maumivu zinapandisha litiamu kwa damu, diklofenaki, ibuprofeni na za aina hiyo, halafu ashinde kwa jua la Kisumu bila kunywa maji? Mikono inatetemeka? Anaharisha?

NyarKondele: Kuharisha hapana. Mikono ndio, hadi chai inamwagika, tulidhani ni hasira.

nesi_wa_Kakamega: Hiyo inaweza kuwa litiamu imezidi kwa damu. Asimeze ingine yoyote, litiamu wala diklofenaki, kabla aonwe. Apimwe damu leo, si siku ya kliniki.

NyarKondele: Tunaingia Russia (hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu) saa hii, mathe anatafuta kadi.