Wazee wa karavani warudi kambini Kigombe na Ushongo, au wangoje kwanza? Tujadili

Mama Samaki

Asalaam aleykum wadau, nimekuja na hoja, msinirukie kabla hamjamaliza kusoma.

Mnaoijua barabara ya Tanga kwenda Pangani mnazijua zile kambi za ufukweni, kuanzia Kigombe mpaka uvuke mto ufike Ushongo, wanapokujaga wale wazungu wazee na magari yao ya kulala, wengine wanavuta karavani, kile kinyumba cha magurudumu, kwa Land Cruiser, mtu na mkewe miaka sabini na kitu, wengi wanatokea Kenya wanaingilia mpaka wa Horohoro, wakishapanga viti chini ya mvinje hawaondoki mpaka mwezi uishe. Mi nawauzia samaki na mikate. Toka korona ilipoanza Machi 2020 hawajaonekana, sa wameanza kuulizia. Uingereza mwezi huu wa kumi 2021 imetutoa kwenye ile orodha yao nyekundu, ya nchi ambazo mtu akitoka huko anawekwa karantini hotelini, na kuna bibi mmoja na mumewe wamenitumia meseji WhatsApp, wananiuliza mimi wala si mwenye kambi, eti tuje au tusije?

Kwenye kikao cha kitongoji hili jambo limezua zogo. Kuna wanaotaka kambi zikatae yeyote aliyevuka 70, wanasema ugonjwa huu unapenda wazee na mgeni akifia hapa tutaanza kutafutana uchawi. Wengine wanasema waje wote hela ni hela. Mi nasema mnahangaika na umri bure. Mzee wa karavani ndo mgeni mwenye hatari ndogo kuliko wote tunaowapokea, analala kwake, anapika kwake, sufuria yake, sahani yake, kutwa yuko nje upepo wa bahari unampiga, ukimsalimia ni kwa mbali. Hata huko Uingereza walipokuwa wanafungua nchi mwaka huu hawa walitangulia, kambi za karavani na nyumba za kujitegemea zilifunguliwa 12 Aprili, hoteli na gesti zikasubiri mpaka 17 Mei. Na hao hao ndo waliowaambia wenye 70 na kuendelea toka Machi 2020 wajichunge kuliko wengine. Hawakuangalia umri peke yake, waliangalia mtu analala na nani na anachangia nini na nani.

Shida mi naiona sehemu mbili na kwenye kikao hakuna aliyezigusa: vyoo vya kambi, na hospitali ya Bombo kule Tanga ilivyo mbali. Haya semeni.

Kijana wa Pongwe

Mama Samaki we una maslahi bana, kolekole zako zimekosa mnunuzi hahaha. Mi nasema hivi, mzee wa miaka 75 anatoka kwao anakuja kukaa porini wiki nne anatafuta nini kipindi hiki? Si angoje mwakani. Akizidiwa ni nyie mtabeba, bodaboda zenu, gari zenu, halafu kesho ubalozi wake unapiga simu kijiji kinaanza kuhojiwa. Mi sina ubaya na mtu ila kila kitu na wakati wake.

Mama Samaki

Maslahi ninayo, nani kakwambia sina? Unadhani sukari nanunua kwa dua. Ila hata ungenilipa nikae kimya ningesema hivi hivi.

Dereva Horohoro

Mnaongelea kambi mi naongelea njiani. Toka mwezi wa tano mwaka huu 2021 mgeni anatakiwa awe na cheti cha PCR, kile kipimo cha korona cha maabara, cha ndani ya masaa 72 na akifika anapimwa tena kile cha haraka. Sawa, utaratibu ni utaratibu. Lakini mnajua foleni inavyokuwa basi la Mombasa likishateremsha watu? Yule mzee kaendesha gari lake peke yake na mkewe vioo juu toka Diani hajagusana na mtu, anakuja kupangwa kwenye kibanda kimoja na abiria wote wa basi, barakoa ziko kidevuni, watu wanasukumana wawahi viti vyao. Kama anaambukizwa anaambukizwa pale, sio kwenye karavani yake. Na akirudi Kenya kipimo kingine hela nyingine. Ushauri wangu kwa hao wazee wako dada waje asubuhi mapema kabla mabasi hayajafika, wakikuta basi limetangulia wakae kwenye gari wanywe chai yao mpaka foleni iishe, hakuna anayewafukuza.

Nesi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi naomba mnisikilize kidogo.

Mama Samaki nakuunga mkono nusu. Kwamba karavani ni salama kuliko hosteli au kuliko daladala, ni kweli, virusi hivi vinapenda chumba kilichofungwa na watu waliokaa pamoja muda mrefu, nje kwenye upepo vinapata tabu. Lakini usiwaambie watu umri si kitu. Umri ni kitu. Hatari ya kuzidiwa inapanda kadiri mtu anavyozeeka, na hao wageni wengi wana presha, wana sukari, wana moyo, wanameza vidonge asubuhi na jioni ndo maana wanaonekana wazima. Chanjo inasaidia sana, wengi wa wazee wa kwao wameshachanja, na sisi hapa tangu Rais Samia alipochanjwa hadharani 28 Julai ipo ila wazee wetu wenyewe bado wanasuasua, mtu anakwambia atajifukiza inatosha. Kwa hiyo mgeni mzee akija kuna uwezekano mkubwa kuwa kajikinga kuliko anayempikia.

Sasa swali langu ni moja tu, usiku akikosa pumzi inakuwaje. Ugonjwa huu una tabia mbaya, mtu hewa inashuka kwenye damu na yeye anaongea anacheka hajisikii vibaya sana, wazee hasa. Kuna kile kifaa cha kubana kidoleni kinasoma oksijeni, kinauzwa kwenye famasi, kila karavani iwe nacho na mwenye kambi awe nacho. Kikisoma chini ya 94 na mtu ana homa na kikohozi msingoje kukuche. Kutoka Kigombe kwa gari zuri unafika Bombo, barabara ni mbaya na inatengenezwa lakini utafika. Kutoka Ushongo saa saba usiku una mto mbele yako. Pantoni haikungojei wewe. Ndo maana mimi nasema wenye umri mkubwa wapige kambi upande huu wa Tanga, ng'ambo wasubiri kwanza.

Bweni Yetu

Shikamoo mama nesi ila hapo umetuua. Yaani upande wenu wapokee wageni sisi tule upepo? Ushongo watu wamekaa mwaka na nusu bila kazi, wapishi, waosha nguo, vijana wa boti za kisiwa cha Maziwe. Na hospitali ya wilaya Pangani ipo. Na kiwanja cha ndege Mashado kipo, kwani kile ni pambo?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Pangani kuna hospitali ndiyo, lakini iko ng'ambo ya mto vilevile kwa aliye Ushongo, mto ni ule ule. Na hiyo ndege ya usiku itatua kwa taa gani? Sijasema msipate wageni, nazungumzia wazee wenye maradhi. Vijana waje kwenu hata leo. Na kama mna boti na nahodha anayekubali kwa maandishi kuamshwa usiku wowote, nitabadilisha maneno yangu, ila iwe boti ya kweli yenye mafuta, sio ya kuanza kutafuta funguo.

Bweni Yetu

Boti ipo. La mafuta nitauliza, hapo umenibana.

Babu wa Chumbageni

Nawasoma tu nacheka. Mimi nina miaka 73. Hapa kwetu misikiti haikufungwa, makanisa hayakufungwa, shule zilifungwa Machi mwaka jana hazikumaliza Juni zikafunguliwa. Wiki iliyopita nilikuwa msibani Ngamiani, turubai moja, wanaume tumebanana mabega, sinia moja watu sita mikono inagongana, hakuna aliyeniuliza umri wangu. Leo mnakaa kikao kumzuia mzungu wa umri wangu asikae peke yake chini ya mti? Mngeanza na mimi basi.

Halafu kuna mnalosahau kwa sababu nyie ni vijana. Kijana wa Pongwe anasema angoje mwakani. Mwakani ya nani? Mtu wa 75 magoti yanampa miaka michache tu ya kuendesha gari kubwa na kufunga turubai na kupanda ngazi za karavani. Umeshamchukua miwili. Mwambieni hatari zote, mama nesi kazitaja vizuri, halafu mwacheni aamue na mkewe. Ni mtu mzima huyo.

Kijana wa Pongwe

Shikamoo babu. Hilo la sinia limeniingia. Ila bado nauliza gharama anabeba nani?

Dereva Horohoro

Bima. Ila wasome vizuri, bima nyingi hazilipi kama serikali yao imeshauri watu wasije nchi fulani na wewe ukaja. Kutolewa kwenye orodha nyekundu ni kuhusu kurudi kwao, ushauri wa safari ni karatasi nyingine kabisa. Huyo bibi wako aulize hilo kabla hajafunga mizigo.

Mama Samaki

Marahaba zenu na shikamoo kwa wakubwa. Mama nesi nimekubali la mto, bibi nitamwambia waje Kigombe. Sa turudi kwenye choo maana mmeruka wote, labda mnaona haya.

Hizi karavani zina choo chake ndani. Chini ya kile choo kuna tanki dogo la plastiki wanaliita kaseti, linachomolewa ubavuni kwa nje kupitia kimlango, lina magurudumu na mkono wa kuvutia kama begi la safari. Likijaa mzee analiburuta mchangani mpaka choo cha kambi anamwaga, anasuuza, anatia dawa ya bluu kidogo, anarudisha. Sasa ile dawa ya bluu ni kali, inaua harufu kwa sababu inaua vidudu, na karo la kambi linafanya kazi kwa vidudu hivyo hivyo, ndo vinavyolainisha uchafu. Ukimwaga kaseti mbilitatu si kitu, wakija karavani kumi na mbili kwa mpigo karo linakufa, linajaa haraka na harufu inafika mpaka jikoni. Hii ilishatokea kambi mojawapo huku, siitaji. Mwenye kambi akachukia akapiga marufuku kumwaga kaseti, akawaambia wageni wote watumie vyoo vyake.

Mmeona ilivyogeuka? Mzee aliyekuja na choo chake, ambaye alikuwa hagusani na mtu, sasa asubuhi amepanga foleni na taulo mkononi na vijana wa basi la matembezi, koki moja, komeo moja la mlango, bafu halina dirisha la maana mvuke umejaa watu wanakohoa. Halafu kikao kinasema tatizo umri wake! Ndoo ya kunawia iko getini ambapo hakuna anayekaa, vyooni sabuni imeisha toka Idi.

Mi nataka kambi ichimbe shimo lake la kaseti pembeni, mbali na kisima na mbali na karo kubwa. Na wageni waambiwe mapema waje na ile dawa ya kijani, inaelezwa haisumbui karo kama ya bluu. Vyoo vya pamoja vitobolewe matundu ya hewa juu, sabuni iwepo, basi. Hiyo gharama ni ndogo kuliko kupoteza wateja wa mwezi mzima.

Kijana wa Pongwe

Hili la kaseti nilikuwa silijui wallahi. Ila kwa pale Kigombe maji yako juu, ukichimba kidogo unakuta chumvi, shimo litajaa maji ya bahari kabla ya hiyo dawa.

Mama Samaki

Ndo hapo sasa. Pale karibu na mvinje kweli, ila nyuma kule upande wa barabara pameinuka, kwenye minazi. Panahitaji mtu anayejua ajenge kwa tofali na kuziba chini, sio kuchimba tu. Jumatatu napeleka samaki nitaongea na mwenye kambi, nataka niende na bei mkononi maana nikienda na maneno matupu ataniuliza kolekole bei gani mada iishe.

Dereva Horohoro

Yupo fundi wa makaro Majani Mapana alijenga la shemeji yangu halijasumbua mpaka leo. Njoo inboksi nikupe namba.

Babu wa Chumbageni

Mwulize na matundu ya hewa ya chooni kabisa, aje mara moja. Na hiyo sabuni msimwachie mwenye kambi, ataisahau tena.