Maji yanapita vipimo vyote ila roho haijatulia, nianzie wapi kupima mabaki ya dawa?

MchotaMaji:
Wakuu habari zenu. Nasimamia mradi mdogo wa maji, tunavuta mtoni, na huko juu yetu kuna mabwawa ya majitaka yanayopokea mpaka ya hospitali. Kila mwezi tunapima pH, tope, klorini, E. koli, vyote viko poa. Lakini dawa ambazo watu wanakunywa si zinatoka na mkojo? Nimeuliza maabara wakanitumia listi ya kemikali karibu mia mbili na bei ambayo mradi hauwezi. Nichague zipi, na nikizikuta nafanyaje? Wanangu wanakunywa haya haya maji.

Mwanamaabara:
Achana na hiyo listi, pima chache zinazokueleza kitu. Kabamazepini (dawa ya kifafa) inapita kwenye mabwawa karibu kama ilivyoingia, ukiikuta ujue majitaka yanakufikia hata kama yamesafishwa. Kafeini (ile ya kwenye kahawa na chai) ni kinyume, bakteria wanaimaliza haraka, so ikiwa nyingi tafuta majitaka mabichi yanayoingia mahali karibu. Ongeza diklofenaki (dawa ya maumivu), na kwa sababu ya hospitali antibayotiki moja kama salfamethoksazoli. Halafu waulize mashine yao inasoma mpaka chini kiasi gani, unataka nanogramu kwa lita, yaani gramu moja ndani ya lita bilioni moja, hapo inatakiwa LC-MS/MS, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake.

Da_Kemia:
Naongezea, kwenye kuchota ndipo kazi inapoharibika. Sampuli ya kupima dawa weka kwenye chupa ya kioo ya kahawia maana mwanga unaivunja diklofenaki, weka kwenye barafu. Kama ni maji yaliyotiwa klorini omba chupa zenye kitu cha kuizima, la sivyo klorini inaendelea kula dawa njiani na unaletewa sifuri ya uongo. Ukija kupima PFAS (kemikali zisizooza, za kwenye vikaangio visivyoshika na nguo zisizopitisha maji) usitumie kioo, zinang'ang'ania kwenye kuta, chukua polipropilini, kifuniko kisiwe na Teflon, na koti la mvua liache nyumbani. Mimi asubuhi moja nilikunywa kahawa nikaenda kuchota, blanki ikarudi na kafeini, safari nzima ikafa, iliniuma sana. Blanki usiiache: ni maji safi ya maabara unayamimina kwenye chupa nyingine pale pale mtoni. Na chota kiangazi mto ukiwa umepungua, halafu tena mvua za kwanza.

Kinyozi_wa_Mto:
Samahani dada, nanogramu inamdhuru nani kweli?

Mwanamaabara:
Samaki kwanza. Kanada kwenye ziwa la majaribio, 2001 mpaka 2003, walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango, nanogramu 5 hadi 6 tu kwa lita, madume wakaanza kutengeneza protini ya mayai na aina moja ya visamaki karibu iishe ziwani. Kwa binadamu, kiasi cha dawa kwenye maji ni kidogo mno ukilinganisha na dozi, mimi kinachonitisha ni usugu wa antibayotiki, na PFAS ambazo zinakaa mwilini miaka. Marekani 2024 waliweka kikomo cha nanogramu 4 kwa lita kwa PFOA na PFOS, aina mbili za PFAS.

FundiChujio:
Mkuu usikimbilie RO (kusukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba sana), inachuja vizuri sana ila inakuachia maji machafu zaidi pembeni, utayamwaga wapi? Ozoni (gesi inayopulizwa kwenye maji) inavunja kabamazepini na diklofenaki, PFAS haizigusi. Chujio la makaa yaliyoamilishwa ndiyo ningeanza nalo, ila makaa yakishiba yanapitisha, lazima upime maji yanayotoka na ubadilishe mapema. Kuchemsha hakuondoi PFAS. Na ongea na hospitali, dawa zilizoisha muda zisimwagwe sinki.

MchotaMaji:
Asanteni sana wakuu. Nachukua zile nne, chupa mbili juu ya mabwawa, mbili chini, mbili bombani na blanki. Da_Kemia, kwa sampuli za kiangazi nichote asubuhi tu au niweke za masaa 24?

Da_Kemia:
Bombani kuchota mara moja kunatosha. Mtoni changanya za masaa 24, hospitali haimwagi sawa usiku na mchana.