Nataka kuanza kuvua samaki wa maji baridi huku Uingereza, nianzie wapi?

Mkerewe_MK
Wakuu habari za jioni. Mimi nipo Milton Keynes, nimekulia Ukerewe kwa hiyo uvuvi wa mtumbwi na mshipi wa mkono naujua, ila huu wa huku ndo naushangaa, kila nikipita kando ya mfereji wa Grand Union nakuta watu wamekaa kwenye viti na fimbo ndeefu, wanamtoa samaki wanamwangalia wanamrudisha majini. Mwanangu ana miaka 12 na amenikalia kooni tuanze na sisi. Nimeingia duka moja la vifaa nikatoka mikono mitupu maana muuzaji alitaka nibebe fimbo mbili nzito, alamu za kulia samaki akigusa, na hema juu yake. Naomba mwongozo, leseni ikoje, vitu gani ni vya lazima, na samaki unaruhusiwa kwenda naye nyumbani?

Fimbo_Ndefu
Karibu sana mkuu. Anza na leseni kabla ya kitu chochote, unanunua mtandaoni kwenye GOV.UK, ipo ya siku 1, ya siku 8 na ya miezi 12. Dogo kwa sasa hahitaji ila akifika 13 mpaka 16 lazima awe nayo, ni bure tu anajiandikisha. Usiipuuze, wakaguzi wa Environment Agency (mamlaka ya mazingira ya serikali) wanapita kweli na faini inaweza kufika pauni 2,500. Alafu wengi wanadhani ukiwa na leseni umemaliza, hapana, maji yana mwenyewe. Mfereji mwingi umekodishwa kwa vilabu, tafuta kibao ukingoni kitakwambia klabu gani na kama wanauza tiketi ya siku. Na mitoni kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni hakuna kuvua hawa samaki kabisa, wanataga. Mifereji mingi na mabwawa mengi huo muda yako wazi, kwa hiyo mfereji ulio hapo kwako ni bahati.

Bi_Chambo
Kaka achana na hizo fimbo mbili na hema, hivyo ni vya watu wanaolala bwawani wakingoja karpu mkubwa, mtoto wa miaka 12 atachoka asubuhi hiyohiyo. Nunua fimbo nyembamba ya kuchomoa ya mita 4 isiyo na rili, mshipi unafungwa nchani basi. Ongeza viboya viwili vitatu, ndoano ndogo namba 18 zisizo na kijino, kiwavu cha mpini na kijiti cha kuchomolea ndoano, hiki usikisahau maana samaki mdogo anameza hadi ndani. Vitonge vya uzito vya madini ya risasi saizi ndogo vilipigwa marufuku tangu 1987 vilikuwa vinaua bata maji, dukani utapewa mbadala. Chambo ni funza, wanauzwa kwa painti, waweke kwenye friji kopo lifungwe vizuri, pakiwa na joto wanageuka vidonge vya kahawia kisha nzi.

Sasa sikiliza hapa ndo penyewe. Mfereji katikati una kina kwa ajili ya boti, pembeni kuna kama ngazi chini ya maji, na samaki wanapenda pale ngazi inaposhukia. Funga kitonge kizito kwenye ndoano, shusha, kiboya kikizama kabisa kisogeze juu, kikilala kishushe, mpaka ncha yake ibaki inachungulia tu, hapo umeshapima kina. Toa kitonge, weka funza mmoja, na kila baada ya dakika chache rusha funza watano sita palepale, SI konzi nzima, ukiwashibisha watakuacha. Kiboya kikitetemeka msubiri, kikienda chini inua fimbo taratibu usivute kwa nguvu. Utaanza na rochi mwenye mapezi mekundu na perchi mwenye mistari, huyo wa mistari mwambie dogo asimshike mgongoni ana miiba. Na mikono iloweshwe kwanza, mkono mkavu unamtoa ule utelezi unaomkinga na magonjwa.

Mkerewe_MK
Dada umenifungua macho aisee. Na suala la kula?

Fimbo_Ndefu
Mkuu sahau sufuria. Mitoni sheria inakupa wadogo 15 kwa siku wasiozidi sentimita 20 na paiki 1 (yule samaki mrefu mla wenzake) asiyezidi sentimita 65, ila mwenye maji akikataa ndo imekataliwa, na mabwawani na kwenye mifereji bila ruhusa yake huchukui hata mmoja. Vilabu karibu vyote ni kurudisha wote. Mimi naona ni haki, yuleyule karpu anavuliwa na watu miaka na miaka, bwawa dogo kila mtu akichukua wa kula halimalizi hata mwezi.

Bi_Chambo
Canal & River Trust, shirika linalotunza mifereji, wana siku za kufundisha bure zinaitwa Let's Fish, fimbo wanakupa wao, mpeleke dogo huko hata kabla hujanunua kitu. Na kaka kitu kimoja, kabla ya kunyanyua fimbo angalia juu. Hizi fimbo ni za kaboni zinapitisha umeme, na nyaya zinakatiza mfereji sehemu nyingi, ukiziona hama kaa mbali kabisa.