Tupeane uzoefu: Kurekodi nyimbo na washikaji studio ya geto, nini huwa kinaharibu kazi?

Mleta mada
Wakuu, masika haya yamenikumbusha mbali. Waliowahi kurekodi chumba kimoja chini ya bati wananielewa: manyunyu tu yakianza, kazi imesimama, maana maiki ya kondensa inaokota kila tone. Tushushe uzoefu hapa. Washikaji wanne, laptop moja, maiki moja, kadi ya sauti ya matundu mawili. Nini huwa kinaharibu, na dawa yake ni nini?

Mzee wa Nyaya
Kabla ya mvua kuna muungurumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mlio wake mzito unapenya kila penye upenyo. Ukiusikia kwenye hedifoni wakati hakuna anayeimba, chomoa kwanza chaja ya laptop. Ukikoma, basi tatizo ni chaja au soketi isiyo na athi, rekodi kwa betri. Usipokoma, fuata waya. Waya wa maiki uwe XLR wa pini tatu, usilazwe sambamba na waya wa umeme. Pale lazima vikutane, vipishane kama msalaba.
Simu zote zitoke chumbani. Kuzima mlio hakutoshi, simu ikitafuta mtandao ule mkwaruzo unaingia hadi kwenye rekodi.

Dada wa Kiitikio
Naunga mkono hilo la simu. Na feni izimwe, mvumilie joto.

Trei kwa Trei
Mnateseka bure. Bandika trei za mayai ukuta mzima, mwangwi kwisha, na jirani hasikii kitu.

Mzee wa Nyaya
Mkuu, hapo unawaponza vijana. Trei ni karatasi nyepesi. Inapunguza kidogo sauti kali za juu, lakini besi inapita kama hakuna kitu, na jirani anasikia kila neno. Kinachozuia sauti isitoke ni uzito: tofali, mlango wa mbao nzito, mpira wa kuziba nafasi ya chini ya mlango. Halafu trei zinashika moto haraka, na humo ndani mna waya kila kona.

Trei kwa Trei
Mbona studio kibao mtaani zinazo na nyimbo zinatoka?

Mzee wa Nyaya
Zinatoka kwa sababu prodyuza anajua kazi, trei hazihusiki.

Fundi Miksi
Tusigombane, ongeleeni godoro. Wengi wanalisimamisha nyuma ya maiki, wakati maiki ya kadioidi inasikia mbele na kuziba masikio nyuma. Mbele yake kuna mwimbaji, na nyuma ya mwimbaji kuna ukuta mtupu unaorudisha sauti moja kwa moja ndani ya maiki. Kwa hiyo godoro la inchi 6 likae nyuma ya MGONGO wa mwimbaji, blanketi mbili nzito zining'inie kushoto na kulia. Upande wa nyuma wa maiki uelekee dirishani, kule kelele zinakotokea.
Mwimbaji asimame sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, katikati pawe na chujio la pumzi. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye waya wa henga inafanya kazi ile ile.
Na geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) isipangwe kwa "haloo, haloo". Washikaji kwenye majaribio wananong'ona, kiitikio kikifika wanapiga kelele. Mwambie aimbe pale panapopanda kuliko pote, kilele kiishie kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita. Taa nyekundu ikiwaka, mstari huo urudiwe hapo hapo, sauti iliyopasuka haishoneki.

Kijana wa Tandika
Swali wakuu: nikivaa hedifoni najisikia kwa kuchelewa, naimba nje ya biti. Tatizo?

Kapteni wa Mbagala
Hayo yote yana dawa. Sikieni hili. Kuna vijana hapa mtaani walirekodi albamu nzima kwa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Vokali zote, viitikio vyote, pamoja na sauti ya mwenzao aliyekuwa anaondoka kwenda kazini Oman. Mwenye laptop akanakili mafaili ya FLP, yaani mafaili ya mradi, kwenye flashi, akaipeleka mashine ikapigwe Windows upya. Siku ya miksi wanafungua flashi: ngoma zinapiga, kinanda kipo, lakini kila penye sauti ya mtu unakuja ujumbe kwamba faili halionekani.
FLP inabeba mpangilio tu: noti, miksa, na anwani ya mahali sauti zilipo. Sauti zenyewe ni mafaili mengine ya WAV, kwa kawaida ziko folda ya Recorded. Folda imefutwa pamoja na Windows ya zamani. Dalili ilikuwepo: faili la wimbo wenye vokali za watu wanne haliwezi kuwa na KB mia kadhaa.

Dada wa Kiitikio
Uwiii! Na yule wa Oman je?

Trei kwa Trei
Washushe programu ya kurudisha mafaili, waiweke kwenye hiyo laptop, vitu vinarudi.

Mzee wa Nyaya
WASIWEKE humo! Kila kinachoandikwa kinafunika cha zamani. Laptop izimwe sasa hivi, diski itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta nyingine, ndipo watumie Recuva au PhotoRec. Kama ni diski ya kuzunguka kuna matumaini. Kama ni SSD, ile isiyozunguka, matumaini ni madogo.

Fundi Miksi
Na kuanzia leo: kwenye FL chagua Zipped loop package unapohifadhi, inafunga mradi pamoja na sauti zake. Nakala moja iende kwenye flashi, nyingine nyumba tofauti.

Dada wa Kiitikio
Tandika, usisahaulike mdogo wangu. Shusha bafa (kipande cha sauti ambacho laptop inakikusanya kabla ya kukichakata) iwe sampuli 128 wakati wa kurekodi, hiyo ni kama milisekunde 3 kila upande. 1024 ni kama 23, lazima ujisikie unachelewa. Ikianza kukwaruza, geuza biti iwe WAV moja ili laptop ipumue. Kadi yako ikiwa na kitufe cha kujisikia moja kwa moja, kitumie. Hedifoni za bluetooth weka kando kabisa.
Kuhusu kiitikio cha watu wanne kwa maiki moja: simameni nusu duara mbele yake, mwenye sauti kubwa arudi hatua nyuma. Rekodini mara nne mkibadilishana nafasi, kisha mbili zilale kushoto, mbili kulia.

Kijana wa Tandika
Nimeshusha bafa, imekaa sawa dada, shikamoo. Sasa hiyo zipu si itajaza flashi?

Fundi Miksi
Dakika moja ya sauti mono, 24-bit kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ni kama MB 8. Wimbo wa dakika 3 wenye njia 20 zilizojaa haufiki MB 500. Flashi ya GB 8 inabeba albamu. Ukituma WhatsApp, itume kama dokumenti.