Nimewafundisha vibaya wanafunzi kuhusu bunge lisilo na chama chenye wingi: nirekebishe vipi?

Maalim wa Wete

Assalaam alaykum wanabaraza. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika skuli ya sekondari huku Wete, na nimekuja kuomba ushauri wa jambo linaloninyima usingizi tangu Jumanne. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisikia redioni kwamba katika uchaguzi wa nchi moja ya nje hakuna chama kilichopata zaidi ya nusu ya viti vya bunge, akaniuliza ni nani basi atakayeunda serikali. Nilimjibu papo hapo, chaki ikiwa mkononi, kwamba chama chenye viti vingi kuliko vyengine ndicho kinachotawala. Nikaandika hivyo ubaoni, nao wote wakanakili.

Hapo msichana mmoja mkimya, anayekaa nyuma karibu na dirisha, akanyanyua mkono na kusema kwamba babu yake amemhadithia kuwa hapa hapa kwetu Zanzibar, mwaka 1961, chama kilichoongoza kwa viti kilishindwa kuunda serikali. Darasa likacheka. Nami, badala ya kukiri kwamba silijui jambo hilo, nikamwambia kuwa hayo ni maneno ya barazani. Usiku nilipofungua vitabu nikakuta babu ndiye mwenye haki.

Ninaomba mnisaidie kwa mawili. Kwanza, ni mambo gani hasa yanayoweza kutokea bunge likikosa chama chenye wingi? Pili, nirudi vipi mbele ya darasa bila kugeuza kipindi kuwa mkutano wa hadhara, maana wamo watoto wa nyumba za vyama vyote, na habari za mwaka 1961 zipo nyumba ambazo bado zinaziuguza?

Mstaafu wa Vikokotoni

Waalaykum salaam Maalim. Nilifanya kazi ya ukarani wa vikao kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze na swali lako la kwanza. Katika nchi ambazo serikali hutoka bungeni, kama Uingereza, kinachoulizwa ni nani anayeweza kusimama mbele ya wabunge, ikapigwa kura ya imani, yaani kura ya wabunge kuonyesha kama bado wanamwamini, naye asianguke. Mwenye viti vingi huwa na nafasi nzuri zaidi ya kufaulu, lakini nafasi nzuri haijawa haki.

Chukua uchaguzi wa Uingereza wa Mei 2010. Viti ni 650, na wingi kamili ni 326. Chama cha Conservative kilipata 306, Labour 258 na Liberal Democrats 57. Watu wengi walidhani Gordon Brown wa Labour, waziri mkuu aliyekuwepo, ataondoka asubuhi ile ile, lakini alibaki ofisini siku tano, na hakuvunja sheria yoyote kwa kubaki, kwa sababu waziri mkuu aliyepo huendelea kushika usukani mpaka ajulikane wa kumpokea. Nchi haiachwi bila serikali hata kwa siku moja. Wanafunzi wako wafanye hesabu wenyewe: 258 na 57 ni 315, hazifiki 326, wakati 306 na 57 ni 363. Kwa hesabu hiyo David Cameron wa Conservative akawa waziri mkuu na Nick Clegg wa Liberal Democrats naibu wake, wakagawana wizara. Hiyo ndiyo serikali ya mseto.

Mwaka 2017 mambo yalikwenda njia nyengine. Theresa May wa Conservative alipata viti 317, akakubaliana na chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini chenye wabunge 10 tu. DUP hawakuchukua wizara hata moja; waliahidi kuiunga mkono serikali katika bajeti na katika kura za imani, na Ireland ya Kaskazini ikaahidiwa nyongeza ya pauni bilioni 1. Serikali iliyobaki madarakani ilikuwa serikali ya wachache, inayoishi kwa hisani ya wengine.

Na Februari 1974 Labour ilipata viti 301 na Conservative 297. Edward Heath wa Conservative, aliyekuwa madarakani, alijaribu kwanza kuwavuta wabunge wa chama cha Liberal, akashindwa, akajiuzulu. Harold Wilson wa Labour akatawala bila wingi hadi Oktoba mwaka huo huo, wananchi wakarudi tena vituoni, naye akatoka na wingi wa viti vitatu tu.

Kijana wa Konde

Kwa maoni yangu mnajisumbua bure. Sisi Zanzibar tunayo Serikali ya Umoja wa Kitaifa (SUK), ambayo ndiyo hiyo hiyo serikali ya mseto. Maalim atoe mfano huo, amalize.

Mstaafu wa Vikokotoni

La, mwanangu, hapo utawachanganya watoto zaidi. Mseto wa Cameron na Clegg ulilazimishwa na upungufu wa viti. Cameron angepata 340 asingempigia Clegg simu. SUK yetu ilitokana na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 na mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar yaliyofuatana nayo, na chama cha Rais hulazimika kugawana madaraka hata kikiwa na wingi mkubwa katika Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar. Tena Rais wa Zanzibar huchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Tuchukulie kwamba Baraza hilo limegawanyika nusu kwa nusu: Rais atabaki Ikulu, lakini kila mswada, na bajeti kwanza kabisa, utapita kwa kubembelezana. Mwaka 1995 tulilikaribia jambo hilo, kwani katika majimbo 50 CCM ilishinda 26 na CUF 24.

Bi Mkubwa wa Chake

Maalim, mimi nimesomesha miaka mingi kabla sijastaafu, nami nakujibu zaidi kuhusu yule msichana. Lakini kwanza nikutilie habari ya babu yake sawasawa, usije ukakosea mara ya pili.

Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961 vilikuwa viti 22. Vyama vilikuwa vitatu: Afro-Shirazi walipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Hapa Chake Chake kiti kilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa kura moja tu. Ndiyo maana wazee wetu wa hapa hawakubali umwambie mtu kwamba kura yake haina kazi. Wale watatu wa ZPPP ndio waliokuwa na ufunguo mkononi, lakini hawakukaa pamoja: wawili, akiwemo Muhammed Shamte, walikwenda na ZNP, na mmoja akaenda na Afro-Shirazi. Hesabu ikawa 11 kwa 11. Ikawekwa serikali ya muda, kikaongezwa kiti kimoja huku Pemba ili jumla isigawanyike kwa mbili, na uchaguzi ukarudiwa Juni.

Mara hiyo Afro-Shirazi walipata 10, ZNP 10, ZPPP 3, na Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi wa serikali ya mseto ya ZNP na ZPPP. Afro-Shirazi, waliopata kura nyingi kuliko wote, walikaa upinzani. Fujo za siku zile ziliua watu 68. Idadi hiyo uitaje, uitaje kwa upole, kisha urudi kwenye viti. Usiulize mtoto yeyote nyumba yao ilikuwa upande gani.

Sasa msichana. Ulimwaibisha mbele ya wenzake, basi umrudishie heshima yake mbele ya wenzake hao hao. Usimwite ofisini ukamwomba radhi pembeni, kwani darasa litabaki na kicheko chake. Mwambie: "Nilikosea, na babu yako amesema kweli." Halafu ufute sentensi yako kwenye madaftari yao, kila mmoja kwa kalamu yake. Hawatakudharau, mwanangu. Mimi nilikosea mara nyingi, na waliobaki wakinipenda ni wale niliowakiria makosa.

Maalim wa Wete

Bi Mkubwa, nimesoma maneno yako mara mbili, na nitafanya kama ulivyosema. Mzee wangu wa Vikokotoni, niruhusu swali moja zaidi: wakiniuliza kuhusu Bunge la Muungano niseme nini?

Mstaafu wa Vikokotoni

Wafungulie ibara ya 51 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Rais humteua Waziri Mkuu, ndani ya siku 14 tangu ashike madaraka, kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi zaidi, na kama hakuna chama cha namna hiyo, basi anayeelekea kuungwa mkono na wabunge walio wengi. Kisha Bunge lazima limthibitishe kwa kura. Waandishi wa Katiba waliliona jambo hili mapema, ijapokuwa hatujawahi kulihitaji. Na Bunge likikataa bajeti, ibara ya 90 inampa Rais ruhusa ya kulivunja.

Akitokea mwanafunzi wa kuuliza kama nchi inaweza kukaa bila makubaliano, mwambie Ubelgiji ilikaa siku 541 baada ya uchaguzi wa Juni 2010 ndipo serikali mpya ikapatikana. Serikali ya zamani iliendelea na shughuli za kila siku muda wote huo.

Mcheza Bao

Maalim, hayo yote watoto watayasahau kabla ya kengele ya mwisho usipowapa kitu cha kushika. Chukua komwe 22 kwenye bao la wazee, uziweke mezani mafungu matatu: kumi, tisa na tatu. Waambie hakuna anayenyanyuka mpaka fungu moja, peke yake au kwa kuungana na jengine, lifike kumi na mbili. Utaona watakavyozitazama zile tatu.

Maalim wa Wete

Wanabaraza, kipindi kimefanyika leo asubuhi. Nilianza kwa kumsimamisha yule msichana na kukiri kosa langu mbele ya wote, kisha kila mmoja akaikata sentensi yangu kwa mstari. Badala ya komwe nilitumia wanafunzi wenyewe, 22 mbele ya darasa, na msichana nikamweka katika kundi la watu watatu. Wale kumi wakamwahidi uwaziri wa elimu. Wale tisa wakamwahidi uwaziri mkuu. Yeye akawauliza wote, kwa sauti ya chini, ni nani atakayeandika ahadi hiyo na kutia sahihi, na makundi yote mawili yakaanza kugombania kalamu moja. Mmoja kati ya wale watatu akahamia upande wa kumi bila kumuaga mtu, wawili wakaenda kwa wale tisa, na kengele ikalia tukiwa 11 kwa 11.

Nimewaambia wakae hivyo hivyo mpaka Alkhamisi.