Walitoa jiwe la figo, wakaacha mrija ndani yangu kwa miezi 6 bila kuniambia

Ndugu zangu wa Lubumbashi, naandika nikiwa na hasira wala sitaificha. Mwezi wa 2 nilitibiwa jiwe la figo katika hospitali moja ya binafsi hapa mjini. Jiwe hilo la milimita 9 lilikuwa limekwama upande wa kushoto, katika njia inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Walipitisha kamera kwa njia ya mkojo, wakalivunja na kulitoa. Kwa hilo sina neno. Neno langu ni juu ya kile walichokiacha.

Siku ya 3 niliruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vya maumivu, pamoja na karatasi ya Kifaransa yenye mwandiko ambao hata mdogo wangu aliyesoma chuo kikuu alishindwa kuusoma. Niliambiwa ninywe maji mengi na nirudi nikipata homa. Basi. Hakuna aliyefungua kinywa kunieleza kwamba ndani yangu, kuanzia kwenye figo hadi kwenye kibofu, kulikuwa na sonda, yaani huo mrija.

Tangu wiki ya kwanza, kila nilipokojoa maumivu yalipanda kutoka chini hadi ubavuni, nikawa nashikilia ukuta wa choo hadi yapite. Usiku niliamka mara 5 au 6. Nikipanda pikipiki kutoka Katuba kwenda soko la Kenya, hapa hapa mjini, ambako nauza vitenge, jioni mkojo ulitoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilirudi hospitalini mara 3, na kila mara nililipa upya ili kumwona daktari, nikapewa dawa za maambukizi ya mkojo na kuambiwa, "Mama, ni kawaida, ni kidonda cha jiwe." Faili langu lilikuwa kwao. Kulifungua tu kungetosha.

Mwezi wa 8 homa ilinikamata na baridi ya kutetemeka, watoto wakanipeleka kwa daktari mwingine, naye akaagiza picha ya radio, yaani eksirei. Aliiweka mbele ya dirisha, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mstari mweupe uliojikunja kama ndoana juu na chini. "Mama, hii sonda uliwekewa lini?" Nilikosa jibu.

Ni yeye aliyenieleza kwamba sonda huwekwa ili njia iliyovimba isizibe na mkojo uendelee kushuka, kwamba kwa wagonjwa wengi huondolewa baada ya siku au wiki chache, na kwamba yale maumivu ya ubavuni yanatokana na mkojo kurudi juu hadi kwenye figo kwa kuwa mrija huacha njia wazi. Ningeelezwa hayo mapema, ningevumilia kwa moyo mwingine kabisa, kwa sababu ningejua maumivu yana sababu na yana siku ya kwisha. Mrija ukipita miezi 3 hatari ya chumvi za mkojo kuganda juu yake huzidi, na wangu ulikuwa umeshika ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Kazi ambayo kwa kawaida huchukua dakika chache bila kupasuliwa ilinirudisha kwenye chumba cha upasuaji ili ukoko uvunjwe kwanza. Mtaji wangu wote wa vitenge uliishia hapo, na ekografia (ultrasound) ya wiki iliyopita inaonyesha figo ya kushoto bado imevimba. Ubavu unaniuma hata sasa ninapoandika.

Nilipokwenda kuwauliza wale wa hospitali ya kwanza, mkuu wa huduma alinijibu kwamba yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi. Baba yule hakuniambia hata pole. Tangu lini kuandika kitu ambacho mgonjwa hawezi kukisoma kukawa ndiyo kumwambia?

Ninadai wanirudishie gharama za kuondoa sonda yao. Ninadai pia wapitie mafaili yao na kuwapigia simu wote waliowekewa mirija mwaka huu, kwani siamini kwamba ni mimi peke yangu. Nawe uliyetolewa jiwe, mahali popote pale, ukaambiwa maumivu ni kawaida, rudi kwa daktari ukamwulize waziwazi: je, kuna mrija ndani yangu, na unaondolewa tarehe gani? Usitoke mle bila kuandikiwa tarehe hiyo kwa herufi unazoweza kuzisoma.