Kushinda siku moja Bergen na mzazi mzee: naomba ushauri

Kutoka: mwanajumuiya, Southampton

Ndugu wanajumuiya, hamjambo, na wakubwa zangu shikamooni.

Mwezi Juni, Mungu akipenda, nitasafiri na mama yangu mzazi kwa meli ya kitalii inayoondoka hapa Southampton kuelekea Norway. Mojawapo ya bandari tutakazofikia ni Bergen, ambako meli itafunga gati asubuhi na kuondoka jioni. Mama ana miaka sabini na kitu, anatembea vizuri kwenye tambarare lakini goti humsumbua kwenye ngazi, na kitu anachokichukia kuliko vyote katika Ulaya hii ni baridi yenye maji. Kila ninayemuuliza ananiambia kwamba Bergen hunyesha, kisha ananyamaza kana kwamba amemaliza kunijibu. Kampuni ya meli inatuuzia ziara ya basi kwa bei ambayo, kwa watu wawili, ingelipa umeme wa nyumba yangu kwa mwezi, hivyo ningependa kujua kutoka kwa mnaoishi huko kama kuna haja ya kuinunua au tunaweza kujitembeza wenyewe bila Mama kulowa na kuchoka. La pili ni la karatasi: mimi nina pasipoti ya Uingereza, ila Mama bado anatumia ya Tanzania, ingawa ana kibali cha kudumu cha kuishi hapa. Je, kuna lolote la kufanya kabla ya safari?

Kutoka: mwanajumuiya, Bergen

Dada yangu, marahaba, na Mama umfikishie shikamoo yangu.

Nianze na la karatasi kwa sababu ndilo lisilosubiri. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu mwaka 2001, na kibali cha kuishi Uingereza, hata kiwe cha kudumu, hakimwondolei mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya sharti la viza. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa watalala melini hawahesabiwi kuwa wameingia nchini; kampuni za meli hazilioni hivyo, na abiria asiye na viza anaweza kuzuiwa kupanda huko huko Southampton na mizigo yake mkononi. Kama ratiba yenu inagusa bandari za Norway peke yake, ombi linapelekwa kwa Norway, na msingoje Mei ndipo mtafute miadi. Kama meli inapanda mpaka Svalbard, ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, maana visiwa vile ni vya Norway lakini viko nje ya Schengen, na kurudi bara ni kuingia upya.

Sasa mvua. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, na kati ya mwisho wa Oktoba 2006 na Januari 2007 ilinyesha kila siku kwa siku 85 mfululizo. Sababu utaiona ukiwa gatini: upepo wa magharibi unatoka baharini na unyevu wake, unakutana na milima iliyouzunguka mji, unalazimika kupanda, unapoa, na maji yote yanatuangukia sisi. Lakini mvua hii si ya masika. Haimwagiki kwa saa moja ikaisha huku wewe umejibanza kwenye baraza la watu ukingoja. Ni manyunyu yanayokuja na kuondoka mchana kutwa, na anayengoja yaishe ndipo atoke hushinda melini. Bahati yenu ni kwamba Mei na Juni ni miongoni mwa miezi yenye mvua chache kuliko mingine. Fungueni ukurasa wa Yr, ambao ni wa idara ya hali ya hewa ya Norway pamoja na shirika la utangazaji la NRK, mkautazame saa kwa saa asubuhi ile ile. Utabiri wa wiki nzima hapa hausaidii kitu.

Mwavuli uacheni kabatini. Upepo wa bandarini huupindua, na siku ya dhoruba mapipa ya taka ya katikati ya mji hujaa miavuli iliyovunjika. Mama avae koti la mvua lenye kofia, linalofika magotini, ndani yake sweta ya sufu, na viatu vyenye soli ya mpira isiyo laini. Jinzi asivae kabisa, kwa sababu ikishalowa haikauki mwilini, na hiyo hasa ndiyo baridi yenye maji anayoichukia.

Ziara ya basi msinunue. Meli nyingi hufunga gati Skolten, chini ya ngome ya Bergenhus, na kutoka hapo hadi Bryggen, mtaa wa kale wa nyumba za mbao kando ya bandari, ni mwendo wa robo saa hivi kwa hatua za Mama, barabara tambarare, maji yakiwa mkono wenu wa kulia. Njiani mtapita Ukumbi wa Mfalme Håkon, uliokamilika mwaka 1261 na ambao paa lake liling'olewa tarehe 20 Aprili 1944, meli ya Kiholanzi iliyosheheni baruti ilipolipuka bandarini; lililopo leo limejengwa upya. Mkipangiwa gati la Jekteviken, hilo ni la mizigo, hamruhusiwi kutembea kwa miguu ndani yake, na basi litawachukua hadi mjini.

Bryggen ndipo ningekaa muda mrefu zaidi. Watu wengi hupiga picha za nyumba za mbele zenye rangi nyekundu na za manjano, kisha huondoka, kumbe mji wenyewe uko nyuma yake, katika vichochoro vya mbao ambavyo upana wake ni wa watu wawili kupishana. Kuta zimeinama, ngazi za nje zimepinda, vibaraza vya ghorofani vimetokeza juu ya kichwa chako, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya kichochoro hubaki kavu hata kunaponyesha. Ila mbao za chini huwa na utelezi mkubwa, kwa hiyo mshike Mama mkono. Hapa wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa walikuwa na ofisi yao kuanzia takriban mwaka 1360 hadi 1754, wakipokea samaki wa kaskazini waliokaushwa kwa upepo bila chumvi na kutoa nafaka, biashara ambayo Mama ataielewa upesi kama aliwahi kuona majahazi yakishusha papa mkavu Unguja. Nyumba zilizopo zilijengwa baada ya moto wa mwaka 1702, na UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 1979. Kwa kuogopa moto, haikuruhusiwa kuwasha chochote ndani yake, hata wakati wa baridi kali. Vijana waliokuwa wakijifunza biashara walilala bila moto, wakapika na kuota moto katika nyumba za pamoja zilizojengwa nyuma, ziitwazo Schøtstuene, ambazo leo ni makumbusho.

Hatua chache kutoka hapo kuna Bryggens Museum, penye joto na pa kukaa, pamejengwa juu ya misingi iliyofukuliwa baada ya moto mwingine wa mwaka 1955. Wafukuaji walipata vijiti vingi vilivyochongwa maandishi ya kale, na kimoja kinasema tu: Gyda anasema urudi nyumbani. Mke wangu anakipenda kuliko mambo mengine yote ya mji huu.

Kuhusu kitreni cha Fløibanen, kilichoanza mwaka 1918 na kinachovutwa kwa kamba ya chuma hadi mlimani, mita 320 juu ya bahari, kanuni yangu ni moja: simameni Bryggen mtazame juu. Kama kilele kinaonekana, nendeni saa hiyo hiyo, mengine yatangoja. Kama kimefunikwa na wingu, mtalipa nauli ili mtazame ukungu.

Kutoka: mwanajumuiya, Hamburg

Kaka, kwa heshima zote, hapo kwenye kitreni naona tofauti. Siku ambayo meli mbili au tatu kubwa zimefika pamoja, wingu likifunguka tu kila mgeni hukimbilia kituo kile kile, na mama mwenye goti bovu atasimama kwenye foleni mvuani. Ningewashauri wapande mapema, kabla ya saa nne asubuhi, wingu liwepo lisiwepo. Juu kuna msitu, mkahawa, na wakati wa kiangazi kuna mbuzi wanaozurura wakiwa na vifaa vya elektroniki shingoni badala ya uzio. Wanangu hawakuuliza kabisa habari za mandhari.

Niongeze mawili. Simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni mara meli inapoondoka, kwa sababu mtandao wa melini hutoza pesa nyingi hata usipopiga. Pia valini saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa za meli, kwani Norway iko mbele ya Uingereza kwa saa moja, na si kila nahodha hubadilisha saa kufuata nchi aliyofikia. Chakula cha Fisketorget, soko la samaki, ni kizuri lakini ni ghali, na nyama ya nyangumi nayo huuzwa hapo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuonja.

Kutoka: mwanajumuiya, Southampton

Ahsanteni sana. Je, Mama akichoka katikati ya siku, kuna mahali pa kumpumzisha bila kurudi melini? Na tubadilishe pauni ngapi?

Kutoka: mwanajumuiya, Bergen

Msibadilishe hata moja. Kadi inapokelewa karibu kila mahali, hata vyoo vya kulipia. La foleni, dada wa Hamburg amesema kweli, ingawa tiketi ikinunuliwa kwa simu papo hapo mnaepuka angalau foleni ya dirishani. Kwa Mama bado nashikilia wingu liamue, maana mbuzi amewaona wa kutosha kwao.

Akichoka, ingieni mkahawa wowote wa pembeni mwa Bryggen, mwagizie kahawa na skillingsbolle, ambalo ni andazi kubwa la mdalasini la mji huu, na maji ya bomba hapa ni safi, ombeni tu. Akipata nguvu, majumba ya picha ya KODE yako kando ya ziwa dogo la katikati ya mji, mwendo wa tambarare, na humo mna mkusanyiko mkubwa wa kazi za mchoraji Edvard Munch. Nyumba ya mtunzi wa muziki Edvard Grieg, Troldhaugen, iacheni safari hii, kwa kuwa baada ya kushuka tramu kuna kutembea kwingi. Gatini muwe mmefika saa nzima kabla ya kuondoka, msingoje dakika za mwisho.

Niandikie pembeni tarehe na jina la meli. Nisipokuwa zamu nitakuja Skolten, na koti la mvua la mke wangu nitalibeba, endapo la Mama litakuwa fupi.